Asiyefika Haagi

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na sidhani kama itatoka. Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka 2013, maharage yamekauka shambani yanangoja kung'olewa. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani. Sanduku langu la bati lilikuwa mlangoni limefungwa kwa kamba, na gari la masista kutoka Kasulu lilikuwa uani linanguruma, maana dereva alituambia akilizima halitawaka tena. Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe wangu ili nimuage. Naye akakataa kuagwa.

Lakini nimekimbilia mbele. Vumilia nirudi nyuma kidogo, kwani sisi wazee hatujui njia za mkato.

Nilizaliwa Kasanda, na nilipokuwa msichana wa miaka kumi na sita nilijua jambo moja tu: nataka kuwa sista. Jumapili ya kuombea miito padre aliuliza kanisani, ni nani kati ya vijana anajisikia kuitwa na Mungu? Nikasimama. Baba yangu alikuwa ameketi upande wa wanaume. Alikohoa tu. Kwetu kikohozi cha baba kilitosha, nikaketi. Wakati huo nilikuwa nimeshanunua kitambaa cheupe, nikakikunja vizuri nikingoja siku ya kushona gauni la unovisi, la wasichana wanaoanza usista. Mwaka uliofuata nikaozwa kwa Zakaria, upande wa Kibondo, nikaenda kwake na sanduku la bati, na chini kabisa ya sanduku kile kitambaa.

Usidhani nilipata mume mbaya. Zakaria alikuwa mpole, mtu wa mizinga ya nyuki, na kila aliporudi kutoka porini sega la kwanza alimpa mama yake na la pili alinipa mimi, watoto wakilamba vidole. Mungu alitujalia watoto. Kazi nilifanya zote, wala hakuna jirani atakayekuambia kwamba Skolastika alikuwa mvivu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe asubuhi ya pili, nikalima karibu miaka thelathini, na bado nilikuwa mgeni. Moyoni nilijiambia kwamba wito wangu uko kwingine, hapa nipo tu. Nilidhani siri hiyo naijua peke yangu.

Mwaka 2012 Zakaria aliugua, akafariki. Nilikaa matanga kama ipasavyo. Watu walinisifu kwa uvumilivu wangu kwa sababu sikulia sana, nami nikazipokea sifa hizo. Miezi ilipopita akaja parokiani kwetu Sista Beata, mwanamke wa rika langu, mwenye sauti ya kuamrisha na kicheko cha kitoto. Alisema wana nyumba ndogo ya watoto yatima huko Kasulu na wanatafuta mama wa kuishi nao. Nadhiri zilikuwa zimenipita, umri hauongopewi, lakini ningekaa ndani ya uzio wao, ningesali pamoja nao alfajiri na jioni, ningewalea wale watoto. Mwanangu, nilisikia ule usichana wa Kasanda umenirudia wote. Cheka ukitaka. Hata magoti yaliacha kuuma kwa wiki nzima.

Nilipanga kila kitu. Mwanangu wa kwanza, Erasto, alikuwa ameshaoa, na mkewe Domina ni binti mwenye mikono mizuri. Hao wangemtunza mama mkwe. Nikaona hakuna kizuizi tena kati yangu na Mungu wangu.

Sasa nikueleze huyo mama mkwe. Aliitwa Bibi Anjelina. Alikuwa mtu wa Burundi, alivuka mpaka wakati wa vurugu za kwao akiwa mama kijana, Zakaria akiwa mgongoni. Alizeekea Kibondo, akawa raia, akazika mume na sasa amezika mwana. Macho yake yalikuwa yameshika ukungu, hakuona ila mwanga na kivuli, lakini masikio yake yalisikia hata unachokifikiri. Mimi aliniita Mama Erasto, kwa jina la mtoto. Jina langu la ubatizo halikuwahi kupita mdomoni mwake.

Basi siku ile nikapiga magoti mbele ya kigoda chake.

"Mama, nimekuja kukuaga."

Akanyoosha mikono, akanipapasa uso kama anayetafuta njia gizani. Kisha akairudisha mikono mapajani.

"Siwezi kuagana nawe, mukazana," akasema. Ndivyo walivyomwita kwao mke wa mtoto. "Asiyefika haagi."

Nilidhani ni uzee. Nikamweleza taratibu kwamba Erasto yupo, Domina yupo, kila kitu kimepangwa. Akatikisa kichwa.

"Sijasema usiende. Gari lile pale linanguruma, lipande. Ninachosema, kwaheri yako siwezi kuipokea. Zakaria alikwenda kukuchukua Kasanda, na mpaka leo hujafika. Sanduku lako liko wapi?"

"Mlangoni, Mama."

"Na jana lilikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Lilifunguliwa lini likatolewa vyote?"

 Ilikuwa kweli. Nguo zangu nilizitoa moja moja, nikazivaa, nikazifua, nikazirudisha sandukuni, miaka yote hiyo, kama abiria aliyelala stendi.

"Mgomba wako uko wapi?"

Hapo uso ukanishika moto. Katika boma lile mke mpya hupewa chipukizi la mgomba alipande kwa mkono wake nyuma ya nyumba, na kuanzia siku hiyo sehemu ile ya migomba ni yake. La kwangu nilimwachia Zakaria alipande. Nilisema mgongo unaniuma. Sikuwahi kudhani kama kuna mtu aliyeona.

"Na nikikuita, unaitikaje?"

"Naitika Abee, Mama."

"Ego, ndiyo. Abee. Kama mwanafunzi anayeitwa jina darasani. Mdomo unaitika, miguu inakuja nyuma inajivuta."

Hasira zikanipanda, mwanangu. Mbele ya Erasto na mkewe, mbele ya Sista Beata aliyekuwa amesimama na funguo za geti la masista mkononi, nikasema kwa sauti: "Mama, Mungu aliniita tangu nikiwa msichana! Mimi si wa hapa!"

 Gari liliendelea kunguruma. Erasto akaangalia chini, na niliona kwamba neno lile lilikuwa limemchoma, maana kama mimi si wa hapa, yeye ni wa wapi?

Bibi Anjelina hakukasirika. Alitabasamu, tena kwa huzuni. "Sasa umesema kweli," akasema. "Nimeingoja kweli hiyo muda mrefu." Akaendelea polepole. "Hata mimi nilikuwa hivyo. Nilipovuka mpaka nililala na viatu miguuni. Niliviweka hivyo miaka, nikisema kesho nitarudi kwetu. Sikupanda hata mti. Halafu siku moja jirani yangu, Muha wa hapa, alishikwa na uchungu peke yake nyumbani, akapiga kelele akiita. Hakuniita mimi, hata jina langu hakulijua. Lakini nilijikuta nimeitika Karame, na miguu ipo njiani. Usiku ule nililala bila viatu. Siku hiyo ndiyo niliyofika Kibondo."

Karame, mwanangu, ndilo neno ambalo kwao mtu huitika akiitwa na aliye mkubwa wake. Maana yake ni 'uishi'. Anayekuita unamwitikia kwa kumwombea uhai.

"Mungu anayekuita Kasulu," akasema Bibi, "ni yule yule aliyekuwa anakuita kila nilipokuita mimi, kila Zakaria alipokuita, kila mtoto alipolia. Kama hapa hukuisikia sauti yake, huko utaitambua kwa lipi?"

 Sista Beata ndiye aliyesogea. Akamwambia dereva azime gari. Dereva akamwangalia kama anayeambiwa amchinje mtoto wake, lakini akazima. Sista akaninong'oneza: "Mama Erasto, kwetu nafasi ipo. Ila sichukui mtu ambaye nyumbani kwake hajaagana." Nilitaka kumjibu vibaya, lakini gari lilikataa kuwaka kama tulivyoonywa, ikabidi tulisukume wote mpaka kwenye mteremko, mimi pia, na gauni langu la kanisani. Lilipowaka likaondoka na vumbi lake, likaniacha nimesimama barabarani, jasho linanitoka. Domina alirudisha sanduku ndani bila kuniuliza kitu.

Nilikasirika siku nyingi, sitakuficha. Niling'oa maharage kana kwamba yamenikosea. Bibi akiita, naitika Abee na kumpelekea maji bila kumtazama. Lakini neno la mzee ni mwiba, ukilikanyaga utatembea nalo. Siku moja nikachuchumaa, nikalivuta sanduku, nikafungua kamba na kutoa kila kilichomo. Nguo nikazitundika kwenye misumari ukutani, mahali palipokuwa wazi tangu nilipoolewa, maana Zakaria alikuwa ameipigilia misumari ile kwa ajili yangu na mimi sikuwahi kuitumia. Nilipoiona imebeba nguo zangu nikaketi sakafuni. Nilimlilia Zakaria siku hiyo. Nilimlilia kama aliyekufa asubuhi hiyo, mwaka mmoja baada ya kuzikwa, na Domina akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Kile kitambaa cheupe kikabaki mkononi. Nikampelekea Bibi, nikamweleza kilikuwa cha nini. Akakipapasa ukingo hadi ukingo.

"Kizuri," akasema. "Usikikate. Kitapata kazi yake." Nikakirudisha sandukuni peke yake.

Mvua za mwaka ule zilipoanza nikaomba chipukizi. Bibi mwenyewe alilichagua kwa vidole, akalipapasa mizizi, akanikabidhi. Nikachimba shimo nyuma ya nyumba, nikapanda, mgongo ukauma kweli safari hii. Na nikajifunza kuitika. Usifikiri ni rahisi, mwanangu. Neno nilikuwa nalijua, Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu. Kilichokuwa kigumu ni kulisema na kusimama hapo hapo. Mara nyingi nilikuwa katikati ya kazi, ugali unashika chungu, na yeye anaita kwa sababu ya nzi tu. Nilisema Karame nikiwa nimekunja uso. Siku nyingine nilisahau kukunja. Polepole nikaanza kukaa naye hata asipoita. Alinisimulia utoto wa Zakaria, jinsi alivyoumwa na nyuki akiwa mdogo akaapa hatarudi porini, na kesho yake akarudi. Nilicheka hadithi za mume wangu nilizopaswa kuzisikia akiwa hai.

Nikagundua jambo la kunishangaza. Sala ambazo nilidhani zinaningoja ndani ya uzio wa masista zilianza kunijia nikimwosha yule mzee miguu. Sikuzitafuta. Zilikuwa pale kama misumari ile ukutani, zimepigiliwa muda mrefu, hazina kilichotundikwa.

Mwaka 2015 mgomba wangu ulizaa. Mkungu ulikuwa mkubwa mpaka mti ukainama, nikataka kuuwekea nguzo. Bibi akasema niache. Mgomba haushindwi na mkungu wake, akasema, ndiyo maana ukapewa mkungu huo na si mwingine. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuisha. Miezi hiyo watu walikuwa wanavuka tena kutoka Burundi, na kila siku alimwomba Erasto afungue redio, kisha anauliza, "Wanafika?" Erasto anajibu, "Wanafika, Bibi." Anasema, "Hapana. Wanavuka. Kufika bado."

Ikaja siku yenyewe. Ilikuwa mchana, jua kali, nami nilikuwa nyuma ya nyumba na panga ili niukate ule mkungu. Nikasikia naitwa.

"Skolastika!"

Jina langu. Katika maisha yetu yote pamoja hakuwahi kulitaja.

"Karame!"

Panga lilianguka sijui wapi. Nilipopata akili nilikuwa tayari kando ya kitanda chake, nahema, udongo miguuni. Bibi Anjelina alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka hadi masikioni.

"Umefika," akasema. "Nimesikia miguu imetangulia mdomo. Umefika, binti yangu. Sasa unaweza kuaga. Mwambie Sista alete gari."

Nikamshika mkono. Nilitafuta ndani yangu ile hamu ya Kasulu iliyokuwa imenikaa tangu usichana. Ilikuwepo bado, lakini ilikuwa imetulia kama mtoto aliyeshiba.

"Mama, sitaki kuaga."

"Hutaki?"

"Sitaki. Niko nyumbani."

Akavuta pumzi, akaitoa taratibu. "Basi," akasema, "ninayeaga ni mimi."

Nilielewa, ila sikutaka kuelewa. Nikamwita Erasto, nikamwita Domina, wakaja. Aliwashika mikono mmoja mmoja, akawataja majina. Nami niliipokea kwaheri yake, mwanangu, maana ilikuja kwa wakati wake, si kama yangu aliyoikataa. Nikamwambia, "Nenda salama, Mama. Umefika kwetu, na tunakuruhusu." Jua halijazama, akaenda.

Tulipomwosha nikalifungua sanduku, nikatoa kile kitambaa cheupe. Kilikuwa kimengoja tangu Kasanda, hakijawahi kukatwa. Kilimtosha.

Sista Beata alikuja mazishini. Hakuniuliza kitu siku ile. Alirudi baada ya miezi, akasema nyumba yao imejaa, kuna watoto waliovuka mpaka na kupotezana na wazazi, na hakuna anayejua lugha yao vizuri. Safari hii niliagana na Erasto, nikaagana na Domina, nikaenda kwenye makaburi mawili nyuma ya shamba, la Zakaria na la Bibi, nikaaga huko pia. Mgomba nilimwachia Domina pamoja na machipukizi yake. Hakuna aliyekataa kwaheri yangu. Nililia njia nzima, na dereva hakuzima gari.

Huko nilikuta binti mdogo ambaye hakuongea. Alikuwa anaketi karibu na mlango, amevaa viatu, hataki kuvuliwa hata kwa kulala. Masista walidhani ni ukaidi. Mimi nikaenda nikaketi naye mlangoni. Sikumvua. Nilikuwa najua ugonjwa huo na najua haukimbizwi. Nilimwita kwa jina lake kila asubuhi, nikakaa. Ilichukua muda. Siku alipojibu Karame, kwa sauti kama ya kifaranga, nilitoka nje nikashika ukuta.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana najua ulichokuja kuniuliza. Unauliza utajuaje Mungu anakuita wapi. Umekaa unangoja sauti kubwa, na wakati unangoja, mama yako anakuita kutoka jikoni unajibu "nakuja" bila kuinuka. Wito haukai mbali peke yake kama mji wa kwenda na basi. Huanza pale ulipo, kwa jina unaloitwa leo, na watu ambao hukuwachagua. Kama Mungu anataka uwe padre, au sista, au mke wa mtu, au fundi wa mizinga, atakupitisha kwenye mlango wa nyumba uliyomo. Ukiruka dirishani utafika huko ukiwa mgeni vile vile, na sanduku limefungwa.

Wala usidanganyike upande wa pili. Bibi Anjelina hakuniambia nibaki. Wapo wazee watakaokukoholea uketi, wakidai kwamba nyumbani ndiko Mungu anakokutaka, kumbe wanajitaka wao. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikosea, na miaka mingi nilimlipa kosa lake kwa kuwakosea watu wengine. Ukiitwa kwenda, nenda. Lakini nenda kama mtu aliyefungua sanduku lake mahali fulani, akatundika nguo, akapanda chake, akapenda, ili kuondoka kwako kuwe kuondoka kweli na si kutoroka.

Tazama miguuni pako usiku wa leo. Kama umelala na viatu, anza hapo.

Nami nakuombea, mwanangu. Akuitaye akukute na masikio. Miguu yako itangulie mdomo wako. Popote utakapotumwa, ufike. Na siku ya kuondoka, pawe na mtu wa kushika mkono wako na kuipokea kwaheri yako. Sina urithi mwingine wa kukupa ila neno nililopewa na mzee yule, nalo ni jibu na ni baraka.

Karame, mwanangu.